Pumzisha Kidogo

Ukitaka kuwajua binadamu, weka kitu mtandaoni, uandike chini yake "bei maelewano". Utawajua wote. Yupo wa "mwisho ngapi" ambaye hata salamu hana. Yupo wa "bado ipo?" ukimjibu ipo, ndiyo kwaheri, humwoni tena. Yupo anayetaka picha ya mbele, ya nyuma, ya chini, halafu anakwambia alikuwa anamtafutia shemeji yake, na shemeji ameghairi.

Nilianza na mapazia ya mtumba hapa Musoma, nikaingia kwenye vyombo na meza za watu wanaohama. Mwanzoni nilikuwa naumia kweli. Mtu akitaja nusu ya bei, najiona nimetukanwa mimi na ukoo mzima. Nilimjibu mmoja kwamba kwa hela hiyo aende akanunue kamba ajifungie mdomo. Akayachukua maneno yangu akayaweka kwenye kundi la wauzaji, watu wakanicheka mpaka nikaacha kufungua simu. Haya, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Nilijifunza taratibu. Bei ya kwanza haijibiwi kwa hasira, wala kwa haraka. Unasalimia. Unauliza mtu yuko wapi. Akishakwambia yuko wapi, ameshaanza kununua. Ila kuna kitu sikukizoea, na mpaka leo sijakizoea. Sokoni mtu anapobembeleza bei unamwona macho, unajua huyu ana njaa, huyu anatania. Kwenye simu bei inakuja yenyewe, haina uso. Unabishana na mtu ambaye hujui kama ni mzee au mtoto, kama amekaa nyumba ya pili au wapi.

Ndivyo nilivyokuwa mama aliponiambia niuze cherehani ya baba.

Lazima niwaeleze kwanza mama yangu ni mtu gani. Mama alifundisha Kiswahili shule za msingi za Bunda mpaka akastaafu, na hakosei ngeli. Akiwa na homa hakosei. Siku alipoteleza bafuni akavunjika nyonga, jirani alikuja mbio akamuuliza, "Mwalimu, mguu imevunjika?" Mama, akiwa pale chini kwenye maji, akamjibu, "Umevunjika." Ndipo akaanza kulia. Padri akihubiri, mama hukaa benchi la mbele, na padri akikosea humwona anatikisa kichwa.

Na mwanamke huyo ndiye aliyeolewa na baba yangu, Mzanaki wa kijijini Butiama, fundi cherehani, ambaye Kiswahili alikikuta ukubwani. Baba alikuja mjini, akasikia watu sokoni wanasema "punguza", na sikio lake likamletea "pumzisha". Akalichukua hivyo hivyo. "Mama, nyanya hizo kali. Pumzisha kidogo." Wauza nyanya walicheka, wakampunguzia, kwa hiyo hakuona sababu ya kubadili. Kila jioni mama alikuwa akimsahihisha. "Bei haipumziki, mume wangu. Bei inapungua. Pu-ngu-za." Na baba alikuwa na jibu lake lile lile, huku anakata uzi kwa meno: "Kwani bei haichokagi? Imepanda mlima wote huo. Iambie ipumzike." Sisi watoto tulikuwa tunaanguka chini kwa kicheko.

Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi. Ulivunjika utotoni akichunga, ukaungwa vibaya. Alikuwa akichechemea barabarani, na cherehani yake nayo ilikuwa inachechemea, kwa sababu aliikanyaga kwa mguu huo huo. Tuku-tuku, kimya, tuku. Tuku-tuku, kimya, tuku. Nililala na sauti hiyo na kuamka nayo. Watoto wengine walibembelezwa kwa nyimbo, mimi nilibembelezwa na sare za watu.

Nikiwa darasa la nne, baba alivuka pale Kisorya kwenda Ukerewe kushona sare za shule moja. Mashine angeikuta huko, kwa hiyo alibeba mkasi, chaki na futi ya kupimia. Alisema atarudi kabla ya mvua. Mvua ikaja. Mama alimfuata, shuleni wakamwambia fundi alimaliza kazi vizuri akaaga. Njia ikaishia hapo. Wengine walisema amezama na mtumbwi wa magendo. Wengine waliapa wamemwona mjini Nansio, kule kule kisiwani, anakula samaki na mwanamke. Watu wa kwetu kwa kuona hawajambo.

Ndugu zake wa Butiama walikuja mara kadhaa kutaka msiba umalizwe, watu wanyoe nywele, waendelee na maisha. Mama aliwafukuza. "Nimalize msiba wa nani? Nionyesheni aliyekufa." Alikataa kuitwa mjane. Mwezi wa kumi na moja, wakati familia zinapeleka majina ya marehemu wao kanisani yasomwe kwenye misa, mama hakupeleka jina. Alikaa benchi la mbele na mikono mitupu. Na kule Butiama, kwenye makaburi ya ukoo wa babu yangu katikati ya majabali, pakaachwa nafasi ya mtu mmoja. Inafyekwa kila mwaka, na hakuna aliyelala pale.

Mama hakutaka kingine duniani ila kujua. Yuko hai, au hayuko? Kama yuko hai, amtukane. Kama hayuko, amlilie. Miaka yote alikuwa amesimama katikati, na nilikuwa namwona anavyochoka.

Baada ya nyonga ile, tulikubaliana ahamie kwangu Musoma. Nyumba yangu ni ndogo. Tulipokuwa tunapanga kipi kije na kipi kibaki, alitazama ukutani akasema, "Ile cherehani iuze." Nilimwuliza kama ana uhakika. "Nimesema iuze. Ila usiniletee dalali. Mnunuzi aje mwenyewe." Nikaifunua shuka, nikaipiga picha upande wa dirishani penye mwanga, nikaiweka mtandaoni. Laki nne, bei maelewano.

Wakaja wale wale wa kila siku. Mmoja alitaka kubadilishana na kuku. Nikawajibu kwa adabu, maana nilishafunzwa.

Siku ya tatu au ya nne, saa saba mchana, nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu. Jua lilikuwa lile la Musoma linalofukuza hata mbwa barabarani. Ziwa lilikuwa limetulia, halina hata mkunjo, na kwa mbali wale wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka juu ya maji kama moshi wa jiko. Hakukuwa na mtu njiani. Simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Hiyo mashine bado ipo?"

"Ipo. Habari za mchana? Uko wapi?"

"Ng'ambo."

Nikasubiri aseme ng'ambo ya wapi, hakusema. Jina lake halikuwepo, picha yake ilikuwa maji matupu.

"Mwenyewe yupo?" akaandika.

Hilo swali wanauliza wote kwa kuogopa madalali. Nikajibu kama ninavyojibu siku zote: "Mwenyewe ni mimi."

Akajibu: "Hapana. Wewe siye."

Hasira ikanipanda. Nikamwandikia, "Unanunua cherehani au unafanya usaili?"

"Nanunua. Ila bei hiyo kali, dada. Pumzisha kidogo."

Nilisoma mara moja, nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza. Katika maisha yangu nimesikia "punguza", "shusha", "legeza", "nifikirie", "niangalie kwa jicho la huruma". Neno lile nilikuwa nimelisikia kwenye mdomo mmoja tu. Nikajiambia ni makosa ya vidole. Watu wanaandika huku wanakula. Nikaigeuza simu, na ujumbe mwingine ulikuwa umeshaingia.

"Ule upande wa pili, penye doa la pasi, mbao haijaoza?"

Nikafungua picha niliyoiweka. Nikaikuza mpaka ikawa vumbi tupu. Doa la pasi lipo, baba aliwahi kusahau pasi ya mkaa pale juu akaenda kupiga soga. Lakini lilikuwa upande wa ukutani. Kwenye picha halikuonekana. Jamani, niliogopa. Niliingia ndani nikafunga mlango, mchana kweupe, kama vile mtu wa kwenye simu angeweza kutokea barabarani.

Asubuhi yake nikaenda Bunda. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba simwambii mama, na nilipofika nikamwonyesha kabla hata sijavua viatu. Mama alivaa miwani, akasoma, akanirudishia simu.

"Watu siku hizi hawajui Kiswahili," akasema.

Lakini miwani hakuivua.

Nikampigia mnunuzi, nikaweka sauti ya nje. Iliita sana, ikapokelewa. Hakuna aliyesema "haloo". Nikasema mimi. "Haloo? Ni mimi wa cherehani. Unanisikia?" Kimya. Halafu, nyuma ya kile kimya, mbali kidogo na simu, tukasikia.

Tuku-tuku. Kimya. Tuku. Tuku-tuku. Kimya. Tuku.

Mama alikishika kiti. "Ni mguu wake," akasema, na simu ikakatika.

Ujumbe ukafuata: "Samahani nina kazi mkononi. Tuandikiane tu. Umepumzisha ngapi?"

Nilitaka kumuuliza hapo hapo, wewe ni nani wewe. Mama akanikamata mkono. Mama yangu, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, alikuwa anaogopa. "Ukimwuliza hivyo atakimbia," akasema. "Mtu anayetaka kusema angeshasema. Jibu bei." Nikaandika laki tatu na tisini. Mama akaniambia, "Usishuke haraka. Mkikubaliana, ataondoka."

Ndivyo tulivyoingia kwenye mabishano ambayo muuzaji anaomba yasiishe. Kanuni zangu zote za biashara zikageuka juu chini. Wanunuzi wengine nilikuwa nawavuta waje kwenye bei, huyu tulikuwa tunamsukuma asifike. Akipanda kidogo, mama anasema hapana. Akikaa kimya, mama ananiambia nishuke kidogo asije akakata tamaa. Alikuwa anatunga majibu mwenyewe, na alama za uandishi zote, mkato na nukta, nikikosea ananirudisha. Nilihamia pale Bunda kwa siku hizo. Kila ujumbe ulikuja mchana, na kila ulipokuja mama alikuwa ameshachana nywele.

Nitasema ukweli, sijui kipi kiliniogopesha zaidi, yule wa kwenye simu au mama. Alianza kula. Alianza kuimba jikoni na fimbo yake mkononi. Siku moja nilimkuta amelitoa shati moja la baba sandukuni, lenye harufu ya vidonge vya kufukuza wadudu, analipiga pasi.

Nikaenda Butiama kwa baba mkubwa, kaka yake baba, nikidhani atacheka anitoe hofu. Hakucheka. Alinichukua mpaka kule kwenye majabali, akanionyesha ile nafasi kama vile sijawahi kuiona. Nyasi zilikuwa zimefyekwa juzi tu. Upepo haukuwepo, na bado kulikuwa na baridi kati ya yale mawe.

"Kitu kisicho na uso hakibembelezwi bei," akaniambia. "Mnakikaribisha."

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Mkimwona, mwambieni nafasi yake ipo." Akaokota jani kavu pale, akalitupa pembeni. "Msipomwona, mwambieni hivyo hivyo."

Nilirudi Bunda nimekasirika, ndugu wa kiume hawa kazi yao kumwongezea mtu mzigo. Nikamwambia mama inatosha. Tumuulize swali moja ambalo mwizi wala tapeli hawezi kulijibu, halafu tujue. Mama alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema, "Mwandikie hivi. Mwenyewe aliiachaje hiyo mashine, siku ya mwisho?"

Nikaandika. Jibu lilichelewa. Tulikaa tunaitazama simu pale mezani, na nilisikia saa ya ukutani ambayo siku zote siisikii.

"Aliiacha na gauni la mtoto. La shule. Upindo ulikuwa bado."

Hapo nililia. Gauni lile lilikuwa langu. Nililivaa hivyo hivyo bila upindo, nyuzi zinaning'inia magotini, kwa sababu sikutaka mtu mwingine alimalize. Wenzangu walinicheka. Nililivaa mpaka likanibana kwapani.

Mama hakulia. Alinyoosha mgongo. "Mwambie aje Kisorya," akasema. "Mashine tutaileta mpaka majini. Aje mwenyewe."

Mnunuzi akajibu: "Nitavuka na kivuko cha asubuhi. Mtanijua."

Tulikodi kirikuu, kigari cha mizigo, tukaifunga cherehani nyuma kwa kamba, mama akakaa mbele na dereva. Alivaa gauni la kanisani. Shati la baba lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki mapajani, limekunjwa vizuri. Njia nzima hakumsahihisha dereva hata mara moja, na dereva yule alikuwa anaongea ovyo kabisa. Nikajua mambo ni mazito.

Kisorya kulikuwa na ukungu juu ya maji. Kivuko tulikisikia kabla hatujakiona, halafu kikatoka mle ndani kimejaa watu, wote wametazama upande wetu. Mlango wa chuma ukashuka. Mama alisimama karibu kabisa, fimbo imezama mchangani, na nilijua anachotafuta: alikuwa hatazami nyuso. Alikuwa anatazama miguu.

Zikapita pikipiki. Zikapita ndoo za dagaa, akina mama na vifaranga, wanafunzi, lori la mihogo. Walipita wanaume wengi, vijana kwa wazee, na wote walikuwa wanatembea sawasawa. Kivuko kikabaki kitupu. Mama hakusogea. Nikamshika kiwiko, akanitoa mkono.

Ndipo akashuka mmoja aliyekuwa amebaki nyuma, kwenye kivuli cha ngazi. Msichana wa miaka kama ishirini, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Hakuchechemea. Lakini alipotoka kwenye ukungu nilirudi nyuma hatua moja, maana alikuwa na uso wangu. Ule ninaouona kwenye kioo, paji la uso, na hiki kidevu ambacho sijawahi kukipenda. Dereva alimtazama, akanitazama, akaanza kushughulika na kamba zake.

Msichana alikuja moja kwa moja kwa mama, akapiga goti kwenye mchanga wenye maji.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia marahaba. "Yuko wapi?"

"Alifariki, mama. Masika yaliyopita. Kifua kilimsumbua."

"Amezikwa wapi?"

"Kwetu. Nyuma ya nyumba."

"Na wewe ni nani?" Mama aliuliza swali hilo wakati hata dereva alikuwa ameshalijua jibu.

"Mimi ni wa kwake."

Alieleza akiwa pale pale amepiga goti, kwa sauti ndogo, na mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza kwa sababu mama alikuwa ametazama maji. Baba alikuwa amemuoa mama yake huko kijijini. Kwa nini hakurudi, hawakuwahi kuambiwa. Binti yake huyu alimfundisha kushona kwenye mashine ya kuazima, mguu wake juu ya mguu wa mtoto, ndiyo maana na yeye anakanyaga hivyo. Kila walipokaa kazini alimsimulia mashine yake iliyoko Bunda, doa la pasi, lile gauni. Alipoiona kwenye simu ya jirani, imeandikwa iko Bunda, alihisi ndiyo yenyewe. Akauliza kama mwenyewe yupo, huku akijua ameshafariki, ili ajue kama ni sisi, au kama ilishauzwa kwa watu wengine. Alitaka mashine, na alitaka kutuambia, na aliogopa tungemfukuza. Mama yake mzazi alikuwa amemkataza asije.

"Kila nikitaka kuandika ukweli," akasema, "naandika bei."

Sisi tulikuwa tumefanya nini siku zote zile?

Mama aligeuka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Laki nane," akasema.

"Mama," nikasema mimi.

"Nyamaza. Mashine ni laki nane. Nimeitunza. Nimeifuta vumbi nikiwa mzima na nikiwa mgonjwa, nimeifunika kwa shuka zangu za harusi, nikimsubiri mtu anayekula samaki kwa watu. Laki nane! Anayeitaka alipe."

Watu waliokuwa wanangojea kuvuka wakageuka. Msichana aliweka mkono kifuani, pale alipokuwa amefungia hela zake kwenye kitambaa.

"Sina hiyo, mama. Pumzisha kidogo."

"INAITWA PUNGUZA!" Mama alipiga fimbo mchangani. "Pu-ngu-za! Bei haipumziki! Bei inapungua! Nimesema mara ngapi? Nimesema mpaka nimezeeka, nimesema kila jioni ya Mungu, punguza, punguza, punguza!"

Sauti yake ilienda juu ya maji ikapotelea kwenye ukungu. Msichana hakuinuka, na alipojibu alijibu kama mtoto aliyeulizwa swali darasani analolijua.

"Baba alisema imepanda mlima mrefu. Alisema imechoka, iambiwe ipumzike." Akamtazama mama. "Kwani siyo Kiswahili? Sokoni wananichekaga. Mimi nilijua ndivyo watu wote wanavyosema."

Mama alifungua mdomo kumsahihisha. Nilimwona. Mdomo ukabaki wazi, halafu midomo ikaanza kucheza, na fimbo ikamponyoka. Nilimdaka mimi upande mmoja na yule msichana upande wa pili. Mama akalia pale, kwa sauti, kama wanavyolia wanawake wa kwetu mtu anapokufa leo. Alimlia na kumtukana kwa pamoja, mwongo wewe, mume wangu wewe. Akina mama wa dagaa waliweka ndoo chini wakaja kusimama na sisi, hawakuuliza ni nani aliyekufa.

Alipomaliza, alijifuta uso kwa mkono. Alichukua ule mfuko wa plastiki, akatoa shati, akalitandaza juu ya cherehani pale kwenye kirikuu, akalivuta pembe zikae sawa. Msichana alifungua kitambaa chake, akaanza kutoa noti. Mama aliufunga mkono ule bila kuzitazama.

"Kajenge nazo kaburi vizuri, uweke na msalaba," akasema. "Mashine chukua."

"Mama, umeipumzisha sana," msichana akasema, machozi yanamtiririka.

Mama aliyatazama maji kule kivuko kilikotoka.

"Nimempumzisha," akasema.

Dereva alinikonyeza kwa huruma, akidhani mwalimu amezeeka, ameanza kukosea ngeli. Mama yangu hakosei ngeli.